Namna ya kuanzisha uchapishaji mdogo wa vitabu vya mazingira na haki jijini Nairobi

Makao makuu ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, yako hapa kwetu Gigiri. Panda matatu hadi mjini, badilisha, ingia ya Juja Road, na utashuka Mathare, mahali ambapo mafuriko ya Aprili 2024 yalisomba nyumba na watu. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita na Kiswahili hakimo. Basi ripoti inayoeleza mto unaopita nyuma ya nyumba ya mtu huandikwa kwa lugha ambayo mwenyewe haisomi kwa raha, huzinduliwa hotelini, kisha huwekwa kabatini. Mchapishaji mdogo wa Kiswahili anaingia hapo katikati.

Nimo katika kazi hii miaka kadhaa sasa, na swali ninaloulizwa kila mara na vijana ni lile lile: nianzie wapi? Nitalijibu hatua kwa hatua. Lakini shika jambo moja tangu mwanzo, kwa sababu maamuzi yote ya mbele yanalitegemea: kitabu cha mazingira na haki huwa na wenyewe kabla hakijapata wasomaji. Wenyewe ni wale ambao mto ni wao, shamba lilikuwa lao, kifua kinachokohoa ni chao. Kitabu kisipowarudia, utakuwa umechukua kitu chao na kukiuza.

Hatua ya 1: Jifungie eneo dogo

Neno "mazingira" ni pana mno kwa mtu mwenye meza mbili na katoni kumi. Chagua kona moja: mito ya Nairobi, taka, ardhi na ufurushaji, misitu, au hewa tunayovuta. Sisi tulianza na maji na taka kwa sababu ndiko tulikoishi, na kila muswada wa mambo mengine tuliupeleka kwa wenzetu.

Kona hiyo iwe na historia unayoijua. Anayechapisha vitabu vya miti Nairobi bila kujua kwamba Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, kwamba 1989 alizuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, na kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 alipigania msitu wa Karura, atachapisha kitabu kinachorudia yaliyokwisha kusemwa. Mambo ya karibuni pia yana mafunzo. Mwaka wa 2020 watu wa jiji walikataa mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way usikatwe kupisha barabara ya juu, na ukaachwa. Waliopiga kelele siku hizo wangali hai, wana simu zilizojaa picha, na hakuna anayewauliza.

Aina ya kitabu cha kwanza? Ushauri wangu: anza na ushuhuda wa watu, au kijitabu cha haki cha kurasa zisizozidi 100. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, tena bila kulazimika kuonyesha kwamba ameumia yeye binafsi. Tembea Kariobangi uulize ni wangapi wamewahi kuambiwa hivyo. Riwaya na mashairi vinakuja baadaye. Ninavipenda sana, ila huuzwa polepole, na nyumba changa haina pumzi ya kusubiri.

Hatua ya 2: Karatasi za serikali

Hapa hapana ugumu wa kutisha. Sajili jina la biashara au kampuni kupitia eCitizen. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja peke yake kuunda kampuni. Chukua PIN ya KRA, fungua akaunti ya benki na namba ya till ya M-Pesa kwa jina la biashara, usitumie simu yako ya binafsi. Namba za ISBN, zile za kutambulisha kila kitabu, hutolewa na Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, KNLS. Vitabu vya Kenya hubeba tarakimu 9966 au 9914 baada ya 978. Omba namba kadhaa kwa mara moja, na kumbuka kwamba kitabu cha karatasi na kile cha kusomwa kwenye simu kila kimoja kina namba yake. Sheria inakutaka pia upeleke nakala za kuhifadhiwa serikalini na KNLS baada ya kuchapa. Usiruke jambo hilo. Miaka 40 ijayo mjukuu wa mtu ataingia maktaba akitafuta mto wa kwao ulikuwaje.

Hatua ya 3: Muswada na ridhaa ya wasimulizi

Usitangaze tu "tunapokea miswada" ukakaa. Utapata mashairi ya mapenzi na hotuba za mkutano. Muswada mzuri wa mazingira Nairobi unafuatwa kwa miguu: kwa vikundi vya vijana wanaosafisha mto, kwa vituo vya haki vya kijamii kama kile cha Mathare na cha Dandora, kwa chama cha akina mama, kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye amekuwa akiandika daftari lake la mvua.

Mara nyingi mwandishi na msimulizi si mtu mmoja. Kijana anarekodi, wazee wanasimulia. Hapo ndipo wachapishaji wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sisi huomba ridhaa mara tatu. Ya kwanza kabla ya kuwasha kinasa sauti: unaeleza kwa Kiswahili chepesi kitabu ni cha nani, kitauzwa wapi, nani atapata pesa. Ya pili baada ya kuandika: unarudi na kumsomea msimulizi maneno yake, neno kwa neno, naye anakata, anaongeza, anabadilisha jina. Ya tatu wakati kurasa zimeshapangwa, kabla ya kwenda kwa mchapaji, kwa sababu watu hubadili nia wakiona jina lao likiwa na sura ya kitabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu na taarifa zake, na anaweza kuondoa ridhaa aliyoitoa. Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Asiyesoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini.

Ridhaa ile ya pili ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Tulikuwa tumekaa chini ya mabati Korogocho, tukimsomea mama mmoja anayefanya kazi jaa la Dandora sura inayomhusu. Mwandishi wetu alikuwa ameandika kwamba mama huyu "anaishi kwa takataka". Akainua mkono tunyamaze. "Mwanangu, mimi siishi kwa takataka. Naishi kwa plastiki." Akavuta gunia, akatoa chupa ya maji na kuiminya, ikalia kra-kra. Akatoa kopo la sabuni ya maji, akaliminya, likanyamaza. Hii ina bei yake, akasema, na hii ina bei nyingine, na ukizichanganya mnunuzi anakulipa ile ya chini kwa gunia zima. Tulikaa pale saa mbili nyingine. Sura hiyo iliandikwa upya yote, na safari hii ilianza na sauti ya chupa.

Kuhusu malipo: siku msimulizi aliyokaa nawe ni siku ambayo hakufanya kazi, kwa hiyo mlipe kibarua cha siku hiyo pamoja na nauli. Mlipe kiasi kile kile hata akisema jambo lisilokufaa, la sivyo utakuwa unanunua maneno. Na kama kitabu kinabeba elimu ya jamii, mathalani dawa za miti au nyimbo za mizinga za Waogiek, ruhusa ya mtu mmoja haitoshi. Ipo Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Isome, kisha keti na wazee.

Hatua ya 4: Mkataba unaoeleweka

Andika mkataba kwa Kiswahili, kurasa tatu zinatosha. Hakimiliki ibaki kwa mwandishi. Wewe omba tu ruhusa ya kuchapa kwa muda maalumu, tuseme miaka saba. Kitabu kikiisha sokoni na usikichape tena ndani ya mwaka mmoja, haki zote zimrudie. Tafsiri, sauti na filamu kila moja itajwe peke yake, usizifagie zote kwa sentensi moja. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei ya jaladani ni wa haki, na kama kuna wasimulizi, mgao wao uandikwe humo humo kwa majina au kwa kikundi chao. Taja tarehe mbili za mwaka ambazo utatoa hesabu. Katika Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo unachosaini leo kitawagusa watoto wake.

Hatua ya 5: Kuhariri, hasa maneno

Kazi yenyewe iko hapa. Kitabu cha mazingira kwa Kiswahili hufa au hupona kwenye maneno, kwa sababu mengi yalitungwa mezani na hayajawahi kushuka mtaani.

Chukua neno *risasi*. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na Mahakama ya Juu ikaiafiki Desemba 2024. Ni kisa ambacho kila mchapishaji wa vitabu vya haki angetamani kukieleza. Sasa andika: "Damu ya watoto ilikutwa na risasi." Msomaji wa Kayole, aliyekulia mahali polisi hufyatua hewani wakati wa maandamano, ataona bunduki. Lazima uandike "madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri ya gari" mara ya kwanza, na "sumu ya madini ya risasi" kila mara baada ya hapo, hata kama sentensi inarefuka.

Au *hewa ukaa*. Mama anayeuza makaa akisikia hivyo anafikiria jiko, na anafikiria ile familia iliyolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa ikakutwa asubuhi. Ile inayoua chumbani ni hewa nyingine: ni monoksidi ya kaboni. Hewa ukaa ni dioksidi ya kaboni, ile tunayoitoa puani, na inatudhuru kwa kujaa angani na kulishika joto. Usipozitenganisha mapema, msomaji atamaliza kitabu akidhani misimu inaharibika kwa sababu ya jiko lake, wakati moshi mwingi umetoka kwa viwanda na magari ya nchi za mbali. Hilo ni suala la haki pia, si la msamiati peke yake.

*Tabianchi* ni neno zuri na ninalitumia, lakini nalitanguliza kwa maneno ya mkulima: misimu imepotea njia, masika hayajulikani yanaanza lini. Redio nyingi husema "mabadiliko ya hali ya hewa", na msikilizaji anajiuliza, hali ya hewa si hubadilika kila siku?

Kuna maneno ya kuondoa kabisa. *Chokoraa* kwa mtu anayechambua taka ni tusi, hata mwandishi akidai ndivyo mtaa unavyosema. *Mtaa wa mabanda* ni la kupima: watu wa Mukuru huita kwao Mukuru, basi nawe andika Mukuru. "Wavamizi" kwa watu waliozaliwa mahali hapo ni neno la upande mmoja wa kesi. Ukiliacha umeshatoa hukumu.

Na Sheng? Ndani ya mazungumzo iache ipumue, kama msemaji ni kijana na ndivyo alivyosema. Katika maelezo tumia Kiswahili ambacho msomaji wa Voi na wa Busia wataelewa pamoja. Usimsafishe mtu mdomo hadi awe mtangazaji wa habari.

Mhariri akimaliza, tafuta msomaji wa prufu, wa kukamata makosa yaliyobaki, ambaye hajawahi kuuona muswada huo. Kisha usomwe kwa sauti wote, mwanzo hadi mwisho. Sisi hutenga siku mbili. Panapomkwaza msomaji ulimi, hapo kuna sentensi mbovu.

Hatua ya 6: Ukweli unaosimama mahakamani

Ukiandika kwamba kiwanda fulani kinamwaga maji machafu mtoni usiku, uwe na kitu mkononi. Kwa kila dai zito tunafungua faili: picha yenye tarehe, cheti cha maabara, barua, jina la shahidi lililohifadhiwa pembeni. Hukumu za mahakama husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira ziko NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na umma una haki ya kuziona.

Taasisi ya umma ikikunyima taarifa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, inaipa siku 21 za kujibu ombi lako. Kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Andika ombi kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Nimewahi kukaa miezi nikipiga simu kwa ofisi moja nikiombwa "nijaribu wiki ijayo", hadi nilipojifunza kutaja sheria kwenye aya ya kwanza ya barua. Jibu lilikuja.

Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Lakini kesi ya madai bado ipo, na fidia yake inaweza kuzima nyumba ndogo kwa siku moja. Mlipe wakili asome sura zenye majina kabla ya kuchapa. Mpe pia anayetajwa nafasi ya kujibu, kwa barua, kwa siku 14, na jibu lake lichapwe. Hufanyi hivyo kwa uoga. Msomaji aliyeonewa anastahili kitabu ambacho hakuna atakayekiangusha.

Hatua ya 7: Hesabu

Nitakupa mfano, namba zake nimezikata ziwe nyepesi. Kitabu cha kurasa 160, nakala 500. Kuchapa ni shilingi 250 kwa nakala, jumla 125,000. Kuhariri, kupanga kurasa na jalada ni 90,000. Umetoa 215,000 kabla ya kuuza hata kimoja. Bei ya jaladani ni 800.

Duka la vitabu likichukua asilimia 35, unabaki na 520. Mwandishi ana 80 zake. Ukitoa gharama ya nakala hiyo, 430, mkononi mwako zimebaki shilingi 10. Kitabu hicho hicho ukikiuza mwenyewe kwa mkono, zinabaki 290.

Sasa weka nakala 50 kando, za bure, zinazorudi kwa wasimulizi na maktaba za mtaa wao. Zilizobaki 450 ukizipitisha zote madukani, unapata 234,000, unatoa mrabaha wa 36,000, unabaki na hasara ya 17,000. Ukiuza 300 kwa mkono na 150 madukani, unapata 318,000, na baada ya mrabaha na gharama zako una 67,000 za kuanzia kitabu kinachofuata. Kodi ya nyumba na nauli hazimo humo. Kwa hiyo duka ni mahali pa kuonekana; chakula kinatoka kwenye mauzo ya mkono kwa mkono.

Kuna VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu tangu sheria ya 2013. Anayeuza mali ya shilingi milioni 5 kwa mwaka au zaidi lazima ajisajili. Wewe mdogo hutaitoza, lakini mchapaji ataitoza kwako, na huwezi kuirudisha. Ukiulizia bei, uliza kama VAT imo.

Pesa za kuanzia zitafute kwa wasomaji kwanza: uza mapema. Watu 100 wakilipa 700 kila mmoja kupitia till kabla ya kuchapa, zaidi ya nusu ya bili ya mchapaji imeshapatikana. Ruzuku si mbaya, ila kaeni chini muandike mapema pesa za nani hamtazigusa, mbandike ukutani. Uamuzi huo ni mgumu sana kufanywa siku ambayo hundi iko mezani.

Hatua ya 8: Kuchapa

Chini ya nakala 300 hivi, mashine ya dijitali kwa kawaida ni nafuu. Ukipanda kuelekea 500 na zaidi, ofseti inaanza kulipa, kwa sababu gharama ya pleti, yale mabamba ya kuchapia, inagawanyika kwa nakala nyingi. Tembelea wachapaji watatu, wa River Road na Kirinyaga Road na wa Industrial Area, na ubebe kitabu unachokipenda wakione na kukishika. Panga kurasa zigawanyike kwa 16: 96, 112, 128, 144, 160. Karatasi ya ofseti huchapwa na kukunjwa kwa mafungu hayo, na kurasa mbili za ziada zinaweza kukununulia fungu zima la karatasi tupu. Kwa vitabu vya mazingira huo ni uharibifu usio na udhuru.

Kitabu chetu cha kwanza kilitoka kizuri machoni. Wiki ya pili msomaji alikifungua mbele yangu pale Kaloleni, ukurasa wa 41 ukabaki mkononi mwake, kisha wa 43. Zilizobaki zilikuwa zimejikunja mawimbi kama bati. Fundi mmoja mzee wa kujalidi ndiye aliyenionyesha kosa. Alichukua jani moja akalichana kutoka juu kwenda chini, likachanika kwa meno-meno. Akalichana kutoka kushoto kwenda kulia, likafuata mstari ulionyooka. Karatasi, akaniambia, ina mkondo wa nyuzi kama mbao. Inachanika vizuri pale nyuzi zinapoelekea. Ndani ya kitabu nyuzi lazima zishuke sambamba na uti wake. Zikikatiza, karatasi inapigana na gundi kila unapokifungua, na gundi hushindwa. Mchapaji alikuwa amegeuza kurasa ili zienee nyingi kwenye karatasi moja kubwa ya mashine. Tulijalidi upya nakala zote kwa gharama zetu.

Tangu hapo, kabla ya kulipa malipo ya kwanza, naomba jani la karatasi itakayotumika na kulichana mwenyewe. Fanya hivyo mbele yao, hakuna atakayekasirika. Tena naomba nakala moja iliyokwisha kujalidiwa, naiacha juani mchana mmoja, kisha naifungua katikati na kuilaza kifudifudi. Kitabu kitakachosomwa kwenye chumba cha mabati kitapata joto kuliko hilo. Kama bajeti inaruhusu, agiza kishonwe kwa uzi kabla ya gundi. Kitapita mikononi mwa watu 40 bila kuachia.

Jalada: wachapaji watakupa utando wa plastiki bila kuuliza. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, nasi tunavalisha plastiki vitabu vinavyosema hivyo. Omba vanishi ya maji badala yake. Jalada litachakaa mapema kidogo pembeni, na mimi nimelikubali. Karatasi ya krimu ya gramu 70 au 80 inatosha ndani, na haiumizi macho chini ya taa hafifu. Alama ya FSC, ile ya karatasi ya misitu inayotunzwa, usiiweke kwa sababu tu karatasi ilikuwa nayo. Mchapaji mwenyewe lazima awe na cheti hicho.

Na chapa kidogo. Nakala 1,000 zilizolala chini ya kitanda ni miti iliyokatwa bure.

Hatua ya 9: Kitabu kirudi nyumbani kwanza

Uzinduzi wa kwanza ufanyike pale hadithi ilipotoka. Ukumbi wa kanisa, uwanja wa shule, kituo cha haki. Wasimulizi wapewe nakala zao kabla ya mgeni yeyote wa heshima, na wasome wenyewe wanaoweza. Tarehe zinazosaidia ni Machi 3, Siku ya Wangari Maathai. Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani. Na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani.

Kisha twende mjini. Peleka nakala maktaba za Kaloleni na Makadara, na tawi la KNLS la Buruburu. Zungumza na wauza vitabu wa barabarani kuanzia Tom Mboya Street: waachie vitano vitano, pitia kila Ijumaa, chukua pesa taslimu na usimkopeshe mtu kwa mwezi mzima. Wanajua wasomaji kuliko sisi. Mmoja wao alinishauri nigeuze jalada la kijani kuwa jekundu kwa sababu vitabu vya kijani watu hudhani ni vya kilimo cha shule, na toleo la pili lilikwenda haraka kuliko la kwanza. Maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, yanayofanyika Sarit Centre kwa kawaida mwezi wa Septemba, meza yake ni ghali kwa nyumba moja ndogo, kwa hiyo kodini watatu.

Kwa wateja wa mikoani, ofisi za vifurushi za matatu zinafikisha kitabu Kitale au Kisii kwa siku moja. Mwandikie mteja namba ya gari na namba ya stakabadhi. Kwa walio ng'ambo, African Books Collective, umoja ulioanzishwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe mwaka wa 1985, huchapa nakala kulingana na mahitaji na kuwauzia maktaba za vyuo huko nje bila wewe kusafirisha katoni. Waandikie ukishakuwa na vitabu viwili au vitatu.

Hatua ya 10: Daftari la kila Juni na Desemba

Tarehe ulizoandika kwenye mkataba zikifika, kaa na vitabu vya hesabu hata kama ulichouza ni nakala 12. Mtumie mwandishi karatasi moja: zilizochapwa, zilizouzwa, zilizotolewa bure na kwa nani, zilizobaki, mrabaha wake. Tuma na pesa siku hiyo hiyo kwa M-Pesa, hata kama ni shilingi 960. Mgao wa wasimulizi upeleke kwa mkono, ukae unywe chai, uulize mto umekuwaje tangu mvua zilizopita. Beba kalamu. Mara nyingi mtu huanza na "unajua, kuna jambo hatukulisema kwenye kile kitabu," nawe unarudi ofisini na sura ya kwanza ya toleo la pili.

Faili za kurasa na jalada ziweke mahali patatu tofauti, moja likiwa nje ya nyumba yako. Wachapaji hufunga maduka, kompyuta huibiwa. Nakala zikibaki 30, anza kuulizia bei ya kuchapa tena.